Tapeli wa simu hutambulika kwa anachoomba, si kwa namba anayopigia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie ushauri ambao umma umekuwa ukipewa kuhusu matapeli wa simu. Ushauri huo, unaorudiwa redioni, magazetini na katika jumbe za kampuni za simu zenyewe, kwa kawaida huishia kwenye sentensi moja: usipokee namba usiyoifahamu. Wanaoutoa wana nia njema, lakini kwa maoni yangu una kasoro mbili kubwa. Kwanza hautekelezeki, kwa sababu hospitali yenye majibu ya vipimo vyako, mwajiri uliyemwandikia kuomba kazi, mwalimu wa mtoto wako na dereva aliyebeba mzigo wako, wote hao watakupigia kwa namba ambazo hukuwahi kuzihifadhi. Pili, na hili ndilo la hatari zaidi, unamfundisha mtu kuamini kwamba namba anayoifahamu ni salama, na hiyo ndiyo imani ambayo tapeli angependa akukute nayo.

Namba inayoonekana kwenye kioo cha simu ni kama jina la mtumaji lililoandikwa nyuma ya bahasha: aliyeliandika ni mtumaji mwenyewe, na posta hailihakiki. Mitandao ya simu ilijengwa enzi ambazo kampuni chache zilipokezana simu kwa kuaminiana, hivyo kampuni iliyopokea ilikubali namba iliyoletewa bila kuihoji. Simu zilipoanza kupitishwa kwenye intaneti, mtu mwenye programu inayofaa, akishirikiana na kampuni ya simu isiyojali sana inamhudumia nani, aliweza kuonyesha namba yoyote anayoitaka, ikiwemo ya benki yako, ya kituo cha polisi, au hata ya kwako mwenyewe. Marekani ilizilazimisha kampuni zake kubwa za simu, kufikia tarehe 30 Juni 2021, kuweka mfumo wa kuitia namba saini ya kidijitali ili kampuni inayopokea iweze kuithibitisha. Hata hivyo, mfumo huo hufanya kazi pale tu simu inaposafiri kwa njia ya intaneti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikipita kwenye mtambo wa zamani njiani, saini hupotea, na simu za kitapeli nchini humo hazijakoma.

Kwa upande wa ujumbe mfupi hali ni mbaya zaidi, na sioni ikielezwa ipasavyo. Ujumbe unaweza kutumwa ukiwa na jina badala ya namba, na simu nyingi hupanga jumbe kwa kufuata jina hilo. Tapeli akituma ujumbe wake kwa jina la benki yako, simu yako itauweka mahali palepale zilipo jumbe halali ambazo benki imekutumia kwa miaka mingi, chini kabisa ya taarifa ya kweli ya juzi. Mtu anayeusoma hapo hawezi kulaumiwa kwa uzembe, kwa kuwa simu yake mwenyewe ndiyo iliyomtolea tapeli ushahidi. Singapore imelishughulikia tatizo hili kwa kuzitaka taasisi zisajili majina yao, na tangu mwisho wa Januari 2023 ujumbe unaotumwa kwa jina lisilosajiliwa huonyeshwa kwa mpokeaji ukiwa na alama ya onyo kwamba huenda ni wa kitapeli. Nimetaja mfano huu makusudi, kwa sababu unaonyesha kwamba kazi ya kumtambua tapeli si ya mteja peke yake, ingawa ndivyo tunavyoaminishwa.

Basi kama namba na jina havitoshi, tutamtambua kwa lipi? Kwa anachoomba. Simu ya kitapeli inaweza kuanza kwa njia yoyote, iwe kwa habari njema ya zawadi, kwa habari mbaya ya ajali, kwa vitisho vya kukamatwa, kwa salamu za mtu aliyekosea namba au hata kwa ukimya, lakini ina mahali inapoelekea, na mahali hapo hapabadiliki sana. Utaombwa usome namba fulani zilizoingia kwenye simu yako, utaje namba yako ya siri, utume fedha, upakue programu, au ubonyeze tarakimu anazokutajia. Ombi hilo halikosi kuzungukwa na haraka na usiri: usikate simu, usimwambie mtu yeyote, zimebaki dakika chache, ukichelewa akaunti inafungwa. Taasisi halali inaweza kuwa na haraka, lakini sijui taasisi halali inayokataa ukate simu uipigie mwenyewe.

Chukulia simu hii, ambayo kwa sura moja au nyingine imewafikia watu wengi. Sauti tulivu inakusalimia kwa jina lako kamili, inasema inatoka kitengo cha usalama cha benki, inakutajia tarakimu nne za mwisho za kadi yako, kisha inakuuliza iwapo ni wewe uliyefanya malipo fulani muda mfupi uliopita. Unajibu kwa mshtuko kwamba si wewe. Sauti inakutuliza: "Usiwe na wasiwasi, ndugu mteja, ndiyo maana tumekupigia. Sasa hivi ninausitisha muamala huo, utaona namba sita zimeingia kwenye simu yako, naomba unisomee ili nikamilishe." Namba sita zinaingia kweli, na zimetoka benki kweli, jambo ambalo humfanya hata mtu mwangalifu alegee. Kilichotokea ni kwamba anayezungumza nawe ameufungua ukurasa wa benki kwenye kompyuta yake wakati huohuo, ameandika jina na nywila yako alizozipata kwingine, au amebofya sehemu ya mtu aliyesahau nywila, na benki, kwa kudhani ni wewe, imekutumia namba za uthibitisho. Anachokosa ni hizo namba sita tu. Mara nyingi ujumbe wenyewe huwa umeandikwa usimpe mtu yeyote namba hizi, na ukimuuliza kuhusu hilo, atakuwa na jibu: "Hilo linawahusu watu wa nje; mimi ni mfanyakazi wa ndani."

Jina lako, mwaka wako wa kuzaliwa na tarakimu za kadi yako si uthibitisho wa lolote. Taarifa za aina hiyo zimevuja mara nyingi kutoka kwenye hifadhi za kampuni mbalimbali duniani na huuzwa kwa bei ya kutupa, mbali na zile tunazoziandika wenyewe kwenye fomu, kwenye risiti na kwenye makundi ya mitandao ya kijamii. Mtu akikutajia taarifa zako, amethibitisha kwamba anazo taarifa zako, basi. Namba za uthibitisho, kwa upande mwingine, zimetengenezwa ziingizwe na mteja kwenye ukurasa au programu ambayo yeye mwenyewe ameifungua. Hakuna mfanyakazi wa benki anayezihitaji azisomewe ili azuie muamala, kwa kuwa benki huzuia muamala kutoka upande wake.

Mtego huohuo huja pia kwa sura ya rafiki. Mtu unayemfahamu anakuandikia kwenye WhatsApp kwamba amekosea, namba zake za uthibitisho zimeingia kwenye simu yako, na anaomba umrudishie. Rafiki huyo amekwisha kuporwa akaunti, na anayeandika ni mporaji anayejaribu kuisajili akaunti yako kwenye simu nyingine. Ukimpa, ndani ya muda mfupi ndugu na jamaa zako wataanza kupokea maombi ya mkopo wa dharura kwa jina lako na picha yako. Ipo njia ya kujikinga ambayo watu wengi hawajaitumia: kwenye mipangilio ya WhatsApp unaweza kuweka namba ya siri ya ziada ya tarakimu sita, ambayo huulizwa pale akaunti inaposajiliwa upya. Hata ukiteleza ukatoa namba zilizokuja kwa ujumbe, hiyo ya ziada itabaki kichwani mwako, ilimradi nayo usiitoe.

Kwa wanaotumia pesa za simu, utapeli ulioenea hautumii teknolojia ya ajabu hata kidogo. Unaingia ujumbe kwamba umepokea kiasi fulani, umepangwa vizuri, una namba ya kumbukumbu na salio jipya. Baada ya muda mfupi simu inaita, na mtu mwenye sauti ya kulia anakuambia amekosea tarakimu moja, fedha hizo ni za matibabu ya mama yake, tafadhali mrudishie. Ukiusoma ujumbe huo kwa utulivu, mara nyingi utakuta umetoka kwenye namba ya kawaida, au salio lililoandikwa halilingani na ulichokuwa nacho. Lakini mimi sishauri mtu aanze kupima nafasi za maneno na alama za nukta, maana matapeli nao wanajifunza uandishi. Fungua menyu ya huduma yenyewe uangalie salio lako. Na hata ukikuta fedha zimeingia kweli, usizitume wewe kwa mkono wako; mwambie aliyekosea aombe muamala urejeshwe kupitia kampuni yake ya simu, kwa sababu yapo matukio ambapo mtu hurudishiwa fedha na yule aliyezipokea, kisha akaiomba kampuni iurejeshe ule muamala wa kwanza, akalipwa mara mbili. Mwenye shida ya kweli hatapungukiwa na kitu kwa kufuata njia hiyo.

Ule ujumbe maarufu wa "ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani" sitauzungumzia sana. Hutumwa kwa maelfu ya watu kwa matumaini kwamba miongoni mwao yupo aliyekuwa anajiandaa kumtumia mtu fedha siku hiyo. Kabla ya kutuma kwenye namba mpya, mpigie yule uliyekusudia kumtumia kwa namba yake ya zamani, basi.

Simu inayoita mara moja ikakatika ni jambo jingine jepesi kulielewa. Utapeli huu ulijulikana kwanza Japani, na lengo lake ni kukufanya upige wewe, kwenye namba ya nje ya nchi au ya huduma maalumu ambayo gharama yake kwa dakika ni kubwa, na sehemu ya gharama hiyo humrudia mwenye namba. Mwenye shida nawe atapiga tena au ataandika. Vilevile zile simu za matangazo zinazozungumza zenyewe na kukuambia ubonyeze tarakimu fulani ili uondolewe kwenye orodha: ukibonyeza, umemthibitishia mpigaji kwamba namba yako ina mtu anayepokea na kusikiliza, na thamani yake sokoni imepanda. Kata bila kubonyeza kitu. Niongeze hapa kwamba zile jumbe zinazosambazwa kwenye makundi, zikidai ukipokea namba fulani simu yako itanyonywa fedha zote papo hapo, zinawatia watu hofu isiyo na msingi. Kwa kawaida kupokea simu hakumpi mtu fedha zako. Kinachompa ni kile unachokifanya au kukisema baada ya kupokea.

Kuhusu kubonyeza tarakimu kuna jambo zito zaidi. Tapeli anaweza kujifanya fundi wa kampuni ya simu, au mletaji wa mzigo, akakuomba upige namba inayoanza na nyota na kuishia na alama ya reli (#), akisema ni ya kuboresha mtandao au kuthibitisha mzigo. Kwenye mitandao mingi, nyota mbili zikifuatwa na 21, nyota, kisha namba ya mtu, ni amri ya kuelekeza simu zako zote kwenye namba hiyo. Kuanzia hapo benki ikikupigia kukusomea namba za uthibitisho kwa sauti, anapokea yeye. Anayehofia kwamba amekwisha kuingizwa kwenye mtego huu apige *#21# kuangalia, na ##002# kufuta maelekezo yote ya aina hiyo. Amri hizi zimo kwenye viwango vya GSM, mfumo wa mitandao ya simu za mkononi unaotumika katika nchi nyingi, na hufanya kazi kwenye simu nyingi.

Ipo pia hali ambapo mwathirika haongei na tapeli hata neno moja. Simu inapoteza mtandao ghafla wakati watu walio karibu nawe wote wanao, na ukiizima na kuiwasha hakuna kinachobadilika. Huenda mtu amekwenda kwa kampuni ya simu, au ameshirikiana na mtu wa ndani, akaihamishia namba yako kwenye laini nyingine. Hili halibagui: Agosti 2019 akaunti ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter, ilitekwa kwenye mtandao wake mwenyewe baada ya namba yake ya simu kuporwa. Likikutokea, azima simu ya mtu wa karibu uipigie kampuni yako ya simu na benki yako palepale, kwa sababu mporaji hufanya kazi kwa dakika. Na kama huduma unayotumia inaruhusu uthibitisho kwa programu inayotengeneza namba hizo ndani ya simu yako, badala ya ujumbe mfupi, chagua programu.

Sauti nazo hazitegemeki tena. Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu yenye sauti iliyofanana na ya Rais Joe Biden ikiwaambia wasijitokeze kupiga kura ya awali ya kumteua mgombea wa chama. Sauti hiyo ilitengenezwa kwa akili bandia, na mwezi uliofuata mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ikatangaza kwamba sauti za namna hiyo katika simu za kujiendesha zinabanwa na sheria ya mwaka 1991 inayozidhibiti simu hizo. Kama sauti ya rais inaweza kuigizwa, ya mtoto wako aliyeweka video zake mtandaoni inaweza pia. Simu ya usiku yenye kilio cha "mama nimepata ajali, usimwambie baba" humfikia mzazi mahali ambapo hoja hazifiki. Nazishauri familia zikubaliane mapema juu ya neno au swali ambalo jibu lake halipo popote mtandaoni. Hata bila hilo, kumpigia mtoto kwa namba yake ya kawaida, au kumpigia mtu anayekaa naye, huchukua muda mfupi kuliko kutuma fedha.

Nimeona baadhi ya wasomaji wakijisifu kwamba huwatukana matapeli au huwapotezea muda makusudi. Sioni faida yake. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria Agosti 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia huenda walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kuendesha utapeli wa mtandaoni, wengi wao wakiwa wamevutwa huko na matangazo ya kazi nzuri. Huwezi kujua unayemtukana ni nani, na kadiri unavyoendelea kuzungumza ndivyo unavyompa nafasi ya kujua udhaifu wako. Kukata simu hakuhitaji maelezo wala kuomba radhi, ingawa natambua kwamba kwetu sisi tuliolelewa kwa adabu ya kumsikiliza mtu hadi amalize, hilo ni gumu, na matapeli wanaitumia adabu hiyo ipasavyo.

Aliyekwisha kutoa fedha au namba zake apige benki au kampuni ya pesa za simu kwanza, kabla ya kutafuta aliyemtapeli, akitumia namba iliyoandikwa nyuma ya kadi au kwenye tovuti rasmi aliyoifungua mwenyewe. Aitafute kwa makini, maana matapeli huweka namba bandia za huduma kwa wateja kwenye mitandao ya kijamii na kwenye matangazo yanayotokea juu ya matokeo ya utafutaji. Kisha abadili nywila, aripoti polisi na atunze jumbe zote bila kuzifuta. Baada ya hapo ajiandae kwa simu ya pili. Wiki au miezi kadhaa baadaye, mtu anayejiita wakili au mpelelezi atampigia akimweleza kwa usahihi kiasi alichopoteza na kumwahidi kukirejesha, ilimradi alipe ada ndogo kwanza. Ameujua usahihi huo kwa sababu ama ni yuleyule tapeli, ama amenunua orodha kutoka kwake.

Ndugu Mhariri, nimalizie kwa ombi linalowahusu ninyi waandishi. Habari za utapeli huandikwa kwa vichwa kama "alizwa mamilioni" au "aingia mkenge", na maoni ya wasomaji hujaa kicheko. Matokeo yake, anayetapeliwa huficha, na wenzake hawajui maneno aliyoambiwa. Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, inazitaka benki na kampuni za malipo kumrudishia mteja aliyelaghaiwa akatuma fedha mwenyewe, hadi pauni 85,000 kwa kila dai, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya upande uliotuma na upande uliopokea. Sheria ile imekiri kwamba akaunti iliyopokea fedha za wizi ilifunguliwa mahali fulani na mtu fulani aliyetakiwa kuikagua. Ningependa gazeti lako liziulize kampuni za simu na za malipo maswali ya namna hiyo: ni nani aliyeisajili laini iliyotumika, akaunti ilikaa wazi kwa muda gani baada ya malalamiko ya kwanza, na kwa nini jina la benki linaweza kutumiwa na yeyote kwenye ujumbe mfupi. Na kila wiki mtenge nafasi ndogo ya kuchapisha, neno kwa neno, mazungumzo ya simu moja ya kitapeli, bila jina la aliyepigiwa, ili msomaji akipigiwa kesho awe amekwisha kuyasoma.

Wako,
Msomaji (jina limehifadhiwa)